Siku tano kwa watu wa "lugha yetu": Mundimitar, Kruč na Filič

Kabla ya siku ya kwanza

Stori ilianzia jikoni. Nafanya kazi kwenye jiko la hoteli moja hapa Napoli, mwaka wa sita sasa, na kuna mpishi mwenzetu mmoja, jamaa mpole sana, ambaye kila siku saa tano asubuhi anampigia mama yake simu huku anakata vitunguu. Mimi nilijua anaongea kilugha cha huko kwao, Italia kila kilima na lahaja yake, nikazoea. Sasa siku hiyo dada mmoja wa Ukraine anayefua mashuka akapita kwenye korido na tenga lake, akasimama ghafla kama kaitwa jina. Jamaa alikuwa anamhesabia mama yake mafurushi ya dawa, jena, dva, tri, četar, halafu alipofika tano akaingia Kiitaliano akaendelea nacho mpaka mwisho. Yule dada akamuuliza wewe ni mtu wa wapi? Jamaa akajibu Molise. Dada akasema Molise gani, hizo namba ni za kwetu!

Basi ndo nikajua kuna vijiji vitatu milimani upande wa bahari ya Adriatiki ambako watu wanaongea Kikroatia cha zamani, kimekaa hapo miaka mia tano, ndani ya Italia kabisa. Jamaa mwenyewe hasemi Kikroatia, anasema na-našu, yani "kwa yetu". Ukimuuliza lugha yenu inaitwaje anakwambia lugha yetu, imeisha hiyo. Akasema Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tano kwao wana sikukuu, twende. Nikaomba likizo siku tano nikapewa, na hilo peke yake ni muujiza wa kuandikwa.

Jumatano: Napoli mpaka Termoli

Jamaa alitangulia Jumanne, mimi nikapanda basi la kupitia Campobasso. Waitaliano wana utani kwamba mkoa wa Molise haupo, ni hadithi tu, na ukiangalia nje dirishani unaelewa utani ulikotoka, maana unaenda saa nzima unaona vilima, ngano mbichi, mbwa mmoja, vilima tena. Mkoa mzima watu hawafiki laki tatu, Temeke peke yake inaumeza huo mkoa na inabaki na njaa. Na ni mkoa mchanga, mpaka 1963 ulikuwa kitu kimoja na Abruzzo.

Termoli nilifika jioni. Mji mzuri, una ngome ya zamani juu ya mwamba, na chini yake kwenye maji kuna vile vibanda vya wavuvi vya miti wanavyoita trabucchi, vinasimama kwenye miguu mirefu kama korongo, na mikono ya mbao inayoshusha wavu chini na kuupandisha. Nilikaa hapo na mkate wangu wa samaki naangalia bahari. Ng'ambo ya pili, kama kilomita mia mbili hivi, ndo Dalmatia, pwani ya Kroatia. Huku kwenye vijiji ng'ambo ile hawaiti Kroatia, wana msemo wao, z one bane mora, "upande ule wa bahari". Unanikumbusha wazee wa Pangani wakiongelea Pemba, hawaiti jina, wanaonyesha kwa kidevu tu.

Historia yenyewe kwa kifupi iko hivi. Waturuki wa Osmani waliiteka Bosnia mwaka 1463, wakaja wakamaliza na Herzegovina 1482, na watu wa bonde la mto Neretva na nyuma ya milima ya pwani wakaanza kukimbia, wengine kaskazini, wengine wakavuka maji. Upande wa huku nako kulikuwa na nafasi, maana Desemba 1456 lilipiga tetemeko kubwa sana lililoua maelfu katika ufalme wa Napoli, na tauni nayo ilikuwa inapita kila baada ya muda, vijiji vikabaki magofu na mashamba hayana wa kulima. Mabwana wa ardhi walitaka mikono. Kwahiyo hawa hawakuvamia, walipokelewa kama vibarua wanavyopokelewa popote, kwa sababu kuna kazi. Wataalamu wa lugha ndo waliopima maneno yao wakasema walitoka sehemu hizo za Neretva na bara ya Makarska, maana maandishi ya safari yenyewe hakuna, hakuna aliyeweka orodha ya abiria.

Halafu dunia ikawasahau. Miaka mia tatu na zaidi! Mwaka 1855 mshairi mmoja wa Dubrovnik, mji wa pwani ile ya Dalmatia, Medo Pucić, alikuwa Napoli akamsikia fundi cherehani anaongea na mkewe kwa lugha inayofanana na ya kwake. Akamuuliza, fundi akamwambia kwao ni Kruč, kimojawapo cha vile vijiji vitatu. Ndo habari ikafika upande ule kwamba kuna ndugu zao wako hai milimani. Nimeipenda sana hii kwa sababu kule jikoni kwetu ilitokea ileile, mji uleule, fundi amekuwa mpishi na mshairi amekuwa dada wa mashuka.

Alhamisi: Palata na Kruč

Asubuhi nilikuwa stendi saa moja na nusu. Basi la kupanda vijijini ratiba inasema lipo, karatasi imebandikwa kabisa, nikasubiri mpaka saa tatu. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa na gazeti, kimya muda wote huo, ndo akaniambia kwa upole kwamba lile basi ni la wanafunzi na leo shule hawaendi. Baba, si ungesema saa moja! Nikampigia mpishi, akamtuma mjomba wake na Fiat Panda nyeupe yenye mlango mmoja wa bluu.

Mjomba ni muongeaji. Akasema huwezi kwenda kwetu bila kuona Palata kwanza, akakata kushoto. Palata ni kijiji kingine, huko lugha ilishakufa zamani, lakini juu ya mlango wa kanisa kuna maandishi ya Kilatini yamechongwa kwenye jiwe. Mjomba Kilatini hajui ila haya anayajua kwa kichwa kama namba ya simu: watu wa taifa la Dalmatia ndo wa kwanza kukaa kwenye ngome hii, na wakalijenga hekalu hili kuanzia msingi, mwaka 1531. Niliinua mkono nikajaribu kufika nisifike. Yani hiyo ndo hati ya kiwanja yao, hawakuandika kwenye karatasi, wameandika kwenye jiwe la mlango ambapo hakuna wa kuja kufuta.

Zamani vijiji vya namna hii vilikuwa vingi. Mjomba akavitaja huku anaendesha na mkono mmoja: Palata, Tavenna, Mafalda, Montelongo, na San Giacomo degli Schiavoni ambayo jina lenyewe linakwambia ni ya Waslavi, yani ule ukoo wa lugha wa Wakroatia na hata yule dada wa Ukraine. Katikati yao kuna vijiji vya Waalbania nao, Ururi, Portocannone, Montecilfone, na wenyewe walikuja zama hizohizo wakimkimbia Mturuki huyohuyo. Kimoja kimoja Waslavi wakaingia kwenye Kiitaliano, mpaka vikabaki vitatu. Nikamuuliza kwanini hivi vitatu? Akacheka akasema barabara yetu mbaya.

Nadhani alikuwa hatanii kabisa. Ile barabara inazunguka kilima kama mtu aliyesahau alikuwa anaenda wapi.

Kibao cha kuingilia kijijini kimeandikwa mara mbili, Acquaviva Collecroce kwa Kiitaliano, na Kruč kwa yetu. Jina kamili Živavoda Kruč, živa voda ni maji hai, sawasawa na acqua viva. Kipo mita mia nne na kitu juu ya bahari, nyumba za mawe zimebanana, paka wengi, watu wachache. Baada ya vita kuu ya pili kilikuwa na watu kama elfu mbili, leo ni mia sita hivi na wengi ni wa umri wa kupumzika. Niliingia baa saa nane mchana, wazee wanne wanacheza karata, wakanisalimia kwa Kiitaliano, wakarudi kwenye karata kwa na-našu, na hela ya mezani wakaihesabu kwa Kiitaliano. Nikakaa karibu nao makusudi kusikiliza. Nilikuwa nadhani nitasikia lugha ya ajabu iliyohifadhiwa kama kitu cha makumbusho, kumbe ni lugha ya watu wanaoishi, imejaa Kiitaliano ndani yake, kitenzi cha Kiitaliano kinavalishwa mkia wa Kislavi na safari inaendelea. Maziwa wanaita mblika, ulimi na lugha jizik, nyumba hiža. Na kijiji chao hiki cha watu mia sita wanakiita grad, neno ambalo huko Kroatia ni mji au jiji. Wamekataa kushushwa cheo.

Mjomba akanipeleka kanisani, Santa Maria Ester. Kwenye jiwe la ukuta kuna mraba wa herufi, mistari mitano ya herufi tano tano: SATOR AREPO TENET OPERA ROTAS. Unausoma kutoka kushoto, kutoka kulia, juu kwenda chini, chini kwenda juu, unapata kilekile. Miraba hii iko sehemu kadhaa za Ulaya, ni ya tangu enzi za Warumi, kila mtu na tafsiri yake. Nikapitisha kidole kwenye ile TENET ya katikati, herufi zimelika pembeni kwa vidole vya watu kama mimi. Mjomba akasema utotoni walikuwa wanauogopa, ukiusoma vibaya usiku hulali. Nikamuuliza kuusoma vibaya ni kuusomaje wakati pande zote ni sawa, hakuwa na jibu, na nadhani swali hilo hajawahi kuulizwa.

Kuna mtu wa hapa anaitwa Nicola Neri, daktari, aliyekwenda Napoli akajiunga na ile jamhuri ya Napoli ya mwaka 1799, mfalme alipokimbia, iliyodumu miezi michache tu. Mfalme aliporudi wakamnyonga. Wengi wa wale walinyongewa Piazza Mercato, mahali ambapo mimi Jumamosi naenda kununua nyanya. Miaka sita napita pale. Na mwingine ni msomi Giovanni de Rubertis wa karne ya 19, huyu ndo aliyekuja kuandikiana na yule mshairi wa Dubrovnik baada ya habari ya fundi cherehani. Mwaka 1911 tena mtaalamu Milan Rešetar alitoa kitabu kizima juu ya lugha ya vijiji hivi, kimechapwa Vienna kwa Kijerumani. Kwahiyo lugha ya wakulima wasioiandika ikawa inasomwa Vienna huku wenyewe wanachunga kondoo.

Kitu kimoja kilichonikaa: neno "Mkroatia" wao hawakuwa nalo. Wazee walijiita Slavi tu, au watu wetu. Jina la Kroatia lilikuja kwa miguu ya wageni, maprofesa na wanasiasa waliokuja kuwatembelea, wakaambiwa nyie ni fulani. Wengine wamelipenda, mzee mmoja wa karata alisema yeye ni Mitaliano anayeongea yetu, basi, akapiga dume lake mezani.

Ijumaa: Mundimitar, sikukuu ya Sveta Luca

Hii ndo siku yenyewe. Montemitro, kwa yetu Mundimitar, kiko mita mia tano juu, kinaangalia bonde la mto Trigno, na siku ikiwa safi unaiona bahari. Ni kidogo kuliko vyote, watu hawafiki mia nne, lakini ndo lugha ilipo na nguvu zaidi. Mama wa mpishi alinipokea mlangoni, mfupi, mikono ya unga, akaniangalia juu mpaka chini akasema kitu kwa yetu. Mwanae akatafsiri: anasema umekonda, hoteli hawakupi chakula? Mimi kwa nidhamu ya kwetu mdomo ulishataka kutoa shikamoo, nikaimeza, nikainama kidogo tu, yeye akanivuta akanipiga busu mashavu yote mawili. Nikasema ndo marahaba ya huku.

Wanasema mababu zao walifika siku ya Ijumaa, mwezi wa tano, na walikuja na Mtakatifu Lucia wao. Ndo maana kila Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tano wanamtoa kanisani wanampeleka kwenye kanisa dogo lililoko nje ya kijiji, mashambani. Vijiji vingine vina toleo lao, mtakatifu mwingine, ila Ijumaa na mwezi wa tano vinabaki. Mimi hainisumbui kama ni kweli. Watu waliosahau majina ya vijiji walivyotoka wamekumbuka siku ya wiki!

Maandamano yalianza asubuhi. Sanamu mabegani, bendi ya matarumbeta nyuma, halafu sisi wengine. Njia ni ya vumbi katikati ya ngano, na pembeni yale maua mekundu ya mwezi wa tano yameota kila mahali. Jua kali kuliko nilivyotegemea. Akina mama wa mbele wakaanza wimbo kwa yetu, wa nyuma wakawa wanachelewa nusu mstari, kwahiyo wimbo ukawa unafika mara mbili, kwanza kutoka mbele halafu kutoka nyuma. Niliokota neno gospa, mama mtukufu. Vijana wa kubeba walikuwa hawatoshi kubadilishana, mpishi alinikonyeza, nikajikuta nami niko chini ya mti wa kubebea, mtoto wa Muheza mwenye jina la Ramadhani, nambeba Mtakatifu Lucia. Bibi yangu nikimwambia ataanza na astaghafirullah kisha atauliza alikuwa mzito kiasi gani. Alikuwa mzito.

Baada ya misa watu wakatandika vitambaa kwenye nyasi. Kulikuwa na ventricina, soseji nene ya nguruwe na pilipili ya huku (hiyo niliipisha kwa adabu nikaelekeza nguvu kwenye jibini), mkate wanauita kruh, maharage mabichi yanaliwa hivihivi kutoka kwenye ganda, mvinyo wa kutengeneza nyumbani ndani ya chupa za maji. Na hapo ndo nikaelewa habari ya idadi ya watu, sio kwenye vibao vya takwimu.

Mbele yangu alikaa mama mmoja wa miaka sitini, ana kofia pana, anaongea Kiingereza cha Australia. Amezaliwa Perth. Kwa yetu anaongea kwa kasi na bila kuchanganya sana, mama mpishi akawa anacheka kwa furaha. Alichanganya chache kwa sababu wazazi wake waliondoka miaka ya hamsini wakiwa na lugha ya wakati ule, wakaifungia ndani ya nyumba huko Australia Magharibi, nje ni Kiingereza ndani ni yetu, Kiitaliano hakikupata mlango wa kuingilia. Watu wa kijiji hiki walikwenda Perth wengi sana, mmoja anamvuta mwenzake, binamu anamvuta binamu. Kabla ya hapo, mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa 20, ilikuwa ni Marekani na Argentina. Baada ya vita, Ubelgiji kwenye machimbo ya makaa, Ujerumani, Uswisi. Na sasa ni Termoli, Roma, Bologna, Napoli. Mpishi wetu ni wimbi la mwisho.

Nikawahesabu watoto waliokuwa wanakimbizana pale nyasini. Saba. Wawili ni wajukuu wa yule mama wa Perth.

Baba wa mpishi, mzee wa miaka themanini na kitu aliyekaa kimya muda mrefu, akaniuliza kwenu mnaongea nini. Nikamwambia Kiswahili. Akasema hesabu. Nikahesabu moja mpaka kumi taratibu, akawa anafuatisha kwa vidole. Nikamweleza kwamba hizi zote ni zetu za Kibantu isipokuwa sita, saba na tisa, hizo tumepewa na Waarabu. Mzee akafungua macho, akapiga goti lake, akawaita wenzake, akawaambia kwa yetu na kwa Kiitaliano: sisi tuna nne za kwetu halafu tunaazima, wao wameazima katikati! Wakaanza kujadili kwa nini mtu aazime sita na saba lakini nane asiazime. Mjomba wa Panda akatoa nadharia yake kwamba nane ilikuwa imeshalipiwa. Robo saa nzima, watu wazima, mvinyo mkononi, wanajadili namba za Kiswahili kwenye ngano za Molise.

Halafu mzee akaniuliza swali la pili. Na bibi yako, yeye anaongea hicho Kiswahili? Nikasema anaongea, ila lugha yake ni Kibondei. Akasema haya, hesabu kwa ya bibi.

Nikaanza vizuri. Nilipofika tano nikasimama. Sita ikagoma kabisa kuja. Mzee hakucheka, aliniongezea mvinyo nisiokunywa na akageuka kuangalia watoto.

Jumamosi: Filič

Nilienda San Felice kwa miguu, kama saa moja na nusu hivi kwa mwendo wa kupiga picha. Kwa yetu ni Filič. Zamani kiliitwa San Felice Slavo, enzi za Mussolini neno Slavo likachomolewa kikawekwa San Felice Littorio, jina la kifashisti, na utawala ule ulipoanguka kikawa San Felice del Molise. Majina matatu na watu ni walewale, ila Slavo halikurudi.

Hapa lugha imekwisha, au niseme imebaki kwa wazee wa kuhesabu. Nilikaa kwenye benchi na bibi mmoja aliyekuwa anachambua mboga. Akaniambia wazazi wake walikuwa wanaongea kwa yetu wakigombana au wakiongelea hela, watoto wasielewe. Kwahiyo yeye anajua matusi na madeni. Shuleni mwalimu alikuwa anataka Kiitaliano tu, lakini akasema si shule pekee, hapa watu walioana sana na vijiji vya jirani, mama akitoka nje basi mtoto ananyonya Kiitaliano. Aliongea bila huzuni yoyote, anachambua tu. Nikamuuliza anakumbuka sala? Akaanza moja, akaenda nayo vizuri, katikati akahamia Kiitaliano bila yeye mwenyewe kujua, na amina akaimalizia huko.

Nilipita makaburini. Majina ya ukoo yamevaa nguo za Kiitaliano ila ukiyagusa unasikia mfupa chini yake, Mirco, Miletti, Staniscia. Nyumba nyingi zina tangazo la kuuzwa, karatasi imeshapauka. Kwenye mlango mmoja mtu amepanda nyanya kwenye ndoo za rangi, nikafurahi kuziona kupita kiasi.

Na hapa niseme kidogo kuhusu serikali, maana watu wataniuliza. Kuna mkataba wa Italia na Kroatia wa mwaka 1996 wa kulinda haki za hawa watu, na kuna sheria namba 482 ya mwaka 1999 inayotambua lugha ndogo 12 ndani ya Italia, Kikroatia kikiwemo. Ndo vibao viwili viwili vinakotoka. Unesco nayo wameiweka kwenye orodha ya lugha zilizo hatarini, na wanaoiongea vijijini sasa hivi ni chini ya elfu moja. Shida ni kwamba sheria inatambua Kikroatia, cha Zagreb, mji mkuu wa Kroatia, chenye sarufi yake iliyopigwa pasi, na kwa yetu ni kitu kingine. Jana mpishi alinisimulia, walipokuja wageni wa Kroatia kwenye sikukuu mwaka mmoja, bibi yake aliwasikiliza akasema hawa watu wanaongea kwa yetu vibaya sana, masikini.

Jumapili: kurudi

Mama mpishi alinifungia mkate, jibini, na chupa ya mafuta ya zeituni iliyofungwa kwa taulo. Aliniambia kitu kirefu kwa yetu mlangoni, nikamwangalia mwanae atafsiri, mwanae akasema aah, hilo halitafsiriki, we panda gari.

Basi kutoka Termoli lilikuwepo safari hii. Tulipopita Campobasso nikampigia bibi Muheza. Kwao ilikuwa jioni, nasikia kuku na redio. Nikamwambia bibi nihesabie kwa Kibondei. Akauliza unaumwa? Nikasema siumwi. Akauliza tena kama nimefukuzwa kazi. Nikasema bibi hesabu tu, nataka kuandika. Akaguna, akaanza, taratibu, kama anamhesabia mtu machungwa ya kwenye ndoo, na mimi nikawa naandika nyuma ya tiketi kwa herufi zangu nilizobuni mwenyewe. Sita ikaja, nikasema ndo hiyohiyo! jirani yangu kwenye siti akaruka. Saba ikaja. Nane ikaja, halafu tukaingia kwenye handaki la mlima na simu ikakata.

Nimepiga mara nne, haipatikani. Bado mbili.